Uzito wa Kopo Moja la Maharagwe

Nsimire mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na sanduku lako limebaki katikati ya chumba, limefungwa kamba nyekundu. Ni saa nane za mchana. Mvua imekwisha, na kama kawaida ya mtaa wetu wa Cimpunda watu wametoka kutazama ardhi imeshuka wapi safari hii. Nyumba yetu bado imesimama. Nina saa tatu hivi kabla hujarudi. Kesho alfajiri utavuka mto Ruzizi na kufuata barabara mpaka Arusha, kwa kuwa ndege haziruki tena uwanja wa Kavumu tangu vita vije.

Sitazitumia saa hizi kukuambia uchemshe maji au ujihadhari na wezi wa vituo vya mabasi. Umejitunza mwenyewe tangu mwaka wa kwanza wa chuo, ungenicheka tu. Nataka kuandika juu ya ile simu ya Alhamisi.

Nilikuwa kizingitini nachambua lengalenga. Wewe ulisimama pale uani, karibu na pipa la maji, ukiitikia kwa Kifaransa: ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Ulipomaliza ulinieleza bila mimi kuuliza. Mkuu wako mpya, wa ile ofisi ya washauri iliyokuchukua kwa majaribio ya miezi sita, anataka siku ya kwanza umletee namba za masoko ya Bukavu kwa ajili ya ripoti kubwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: nchi zetu zinakaribiana kiasi gani kiuchumi. Anataka bei moja kwa kila bidhaa kwa kila mwezi. Ile safu ya uzito tuliopima sisi uiondoe, amesema, kwa sababu nchi nyingine hazina safu kama hiyo, na jedwali litaharibika.

Nikakuuliza utafanya nini.

"Maman, nikimukatalia siku ya kwanza, atatafuta mutu mwingine, na huyo mwingine hatapima kitu. Afazali mimi niingie kwanza."

Niliinamia mboga zangu, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali, Nsimire. Nilinyamaza kwa sababu hoja ile ni yangu. Niliitumia kabla wewe hujajua kutembea, na kwa siku tatu nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia ilinifikisha wapi.

Unajua kwamba nilifika mji huu nikikimbia. Hujui mengi zaidi ya hapo, na kosa ni langu; nimekuwa nikilisimulia jambo hilo kwa kifupi kama mtu anayejibu swali la polisi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne kwenye kilima chetu juu ya Minova. Tuliondoka siku moja na kila mtu alisema ni wiki mbili. Wiki mbili hizo hazijaisha. Koko yako, mama yangu, alikataa kwenda mbali. Aliishia Minova penyewe, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, mahali ambapo asubuhi ya anga safi angeweza kuuona mlima wake. Mimi niliteremka na ziwa mpaka Bukavu, mwalimu asiye na darasa, na miaka michache baadaye nikakuzaa wewe.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kukusanya bei. Mradi mmoja ulikuwa unafuatilia masoko ya nchi za maziwa haya makubwa, huku kwetu na ng'ambo ya mto, ili kuona kama biashara kati yetu inayasogeza maisha yetu karibu. Walitafuta watu wanaojua kusoma, kuandika, na kuongea na wauzaji bila kuwakasirisha. Nilifurahi mno. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema hatimaye ugonjwa wangu wa kusoma umepata dawa.

Kila Jumanne na kila Jumamosi nilikwenda sokoni Kadutu, kisha kwenye soko dogo la hapa Cimpunda, wewe mgongoni, fomu mkononi. Fomu ilikuwa imetengenezwa mbali. Ilisema: bei ya kilo. Lakini wewe umekulia hapa, unajua hakuna aliyekuwa akiuza maharagwe kwa kilo. Yaliuzwa, na bado yanauzwa, kwa kopo: lile kopo la maziwa ya unga, linajazwa mpaka lifanye mlima juu, halafu muuzaji anaongeza konzi ya matabishi, nyongeza ya bure, ili urudi kesho. Mtu aliyetufundisha kazi alikuwa ameshalitatua hilo. Alitupa namba moja ya kugeuza kopo kuwa kilo. Uliza bei ya kopo, piga hesabu, andika, nenda bidhaa inayofuata.

Mgeni angeuliza kopo hilo ni kubwa kiasi gani. Mimi sikuuliza. Kwangu kopo lilikuwa kopo. Mama yangu alinituma nalo, mwalimu mkuu alipimia nalo chakula cha watoto, nyanya za watu wote wa kilima chetu zilibadilishwa kwa kopo na hakuna aliyepigana. Kosa langu la kwanza lilikuwa kosa la mwenyeji.

La pili lilikuwa langu binafsi.

Jumamosi moja nilifika mapema, wauzaji wakiwa bado wanapanga. Mama Faida, huyu huyu unayemjua, wakati huo akiwa msichana mwenye meno yote, alikuwa amelipindua kopo lake chini juu na analigonga tako kwa jiwe. Aligonga kwa utaratibu, akizunguka, mpaka tako likabonyea kwa ndani. Akaligeuza, akalitazama kwa nje: kopo lile lile, urefu ule ule, picha ya mtoto mnene ile ile. Akainua macho akaniona. Hakuona haya hata kidogo.

"Madamu, beyi haipandake," aliniambia. "Tako ya kopo njo inapandaka."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka. Mmoja akaniuliza kama kwenye fomu yangu kuna mahali pa kuandika tako. Ilikuwa asubuhi nzuri. Niliuliza bei, ilikuwa ile ya wiki iliyopita. Nikaizidisha kwa namba ile ile tuliyopewa, nikaandika.

Sitaki umhukumu Mama Faida. Mnunuzi anakuja na noti moja aliyonayo, wiki hii kama wiki iliyopita. Ukimwambia bei imepanda, atakutukana na kwenda kwa jirani yako. Ukimpa kopo lililopigwa, atalichukua, na usiku sufuria itamwambia. Anajua. Muuzaji anajua kwamba anajua. Wanaheshimiana kwa kutolitaja. Ndivyo mji huu ulivyopita katika miaka ile na ndivyo unavyopita katika mwaka huu, na mimi sina la kuwafundisha.

Niliyekuwa na kazi ya kulitaja ni mimi. Nililipwa kwa hilo. Na nilijua tangu Jumamosi ile. Nilijua mwezi uliofuata, na mwingine. Nilijiambia: nikianza kuleta mambo ya matako ya makopo ofisini, watasema mwanamke huyu wa wakimbizi haelewi fomu, watachukua mwingine. Afadhali nikae ndani kwanza. Nikishaaminika nitasema.

Ng'ambo ya mto walikuwa wanatumia mizani. Bei yao ilipopanda, ilipanda kwenye karatasi. Zamani maharagwe yetu yalikuwa ghali kuliko yao. Basi yao yakapanda kidogo kidogo, na yetu, katika fomu zangu nadhifu, yakakaa palepale. Siku moja mkuu wa mradi alitubandikia mchoro ukutani. Mistari miwili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, ilikuwa imeanza mbali mbali upande wa kushoto, ikasogeleana, na upande wa kulia ikagusana. Alisimama mbele yake kama baba wa arusi. Masoko yetu yamekuwa soko moja, alisema. Tulinunuliwa soda. Jina langu liliandikwa kwenye ukurasa wa shukrani wa taarifa ile, na kwa mara ya kwanza tangu kilimani nilijiona mtu anayejulikana mahali fulani.

Wewe umelisoma somo hili vizuri kuliko mimi, lakini nami nimelisoma, kwenye maktaba ya mapadri, katika vitabu ambavyo kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kwa kutoguswa. Nadharia ni nzuri. Nchi zikiungana, aliye nyuma hukua haraka kuliko aliye mbele, kwa kuwa wa mbele ameshafyeka njia. Mtaji unashuka kumfuata, ujuzi unamfikia, na pole pole wanakutana. Convergence, kama mnavyoiita chuoni. Niliipenda niliposoma. Naipenda hata sasa. Nani kama mimi, mtu ambaye maisha yake yote ni kuachwa nyuma na kuambiwa subiri, asingependa kusikia kwamba kuwa nyuma ni sababu ya kwenda mbio?

Taarifa ile yenye jina langu haikukaa ukutani. Ilisomwa na watu waliokuwa wakigawa chakula kwa waliokimbia. Walikuwa na mahitaji mengi na vitu vichache, na karatasi ikawaambia kwamba upande wa Kivu bei zimetulia, masoko yanalisha watu. Hawakuwa watu wabaya. Walipunguza mgao Minova, wakapeleka kwingine ambako karatasi ilionyesha njaa.

Sikujua. Nakuandikia hivyo nikijua kwamba si utetezi. Nilijua siku nilipopanda mashua kwenda kumwonyesha koko yako jino lako la kwanza.

Alikuwa amekonda. Alikuchukua, akakuzungusha, akalikagua jino kama mtu anayenunua mbuzi, akasema wewe ni mchoyo, umelificha muda mrefu. Alinipikia. Mimi nilikuwa natazama ile kona nyuma ya mlango. Tangu tulipokimbia, koko yako alikuwa na jembe lake pale, amelifunga kitambaa kwenye mdomo lisipate kutu. Hakuwa na shamba Minova. Jembe lilikuwa la kurudi nalo. Kila aliyeingia alilikuta pale, na koko alikuwa hata hasemi neno juu yake. Mtu mzima huelewa jembe lililo nyuma ya mlango linasema nini.

Kona ilikuwa tupu. Nikamuuliza.

"Niliuzisha," alisema.

Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kukubembeleza, na akajibu kama anayesimulia jambo dogo la mtaani.

"Balipunguza mgao, balisema chakula iko mingi kwenye soko, tununue. Balisema beyi yetu iko sawa na ya ngambo, balihesabu. Mi nikasema, basi pengine ni macho yangu njo inaona kopo kidogo. Niko muzee."

Nsimire, maneno hayo nimeishi nayo tangu wewe ulipokuwa na jino moja. Njaa ya mama yangu nilikuwa nimeshaizoea, Mungu anisamehe. Kila mtu alikuwa na njaa. Lakini mwanamke aliyepima maharagwe maisha yake yote, aliyeweza kuinua kopo kwa mkono mmoja na kujua limepungua konzi ngapi, alikuwa ameletewa karatasi yangu, na akaiamini kuliko mkono wake.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Ilitosha kusema: mama, mkono wako ni mzima, karatasi ndiyo mbovu, na karatasi ni yangu. Nilikuwa na siku mbili nzima za kusema. Nilimwachia noti nilizokuwa nazo, nikamwambia atanunua jembe lingine. Alizipokea kwa mikono miwili. Hakununua jembe. Alikufa miaka minne baadaye, kwa maradhi mengine, na amezikwa pale Minova, bado chini ya mlima, akiamini mpaka mwisho kwamba macho yake yalianza kuharibika mwaka ule.

Watu wa hapa mtaani husema niliacha ile kazi kwa heshima yangu, nikarudi kufundisha. Nimewaacha waseme. Si kweli. Nilirudi ofisini, nikakusanya bei kwa mihula miwili zaidi, nikizidisha kwa namba ile ile. Kisha fedha za mradi zikaisha na wote tukarudishwa nyumbani. Sikuwahi kusema. Nilikuwa ndani, kama ulivyosema Alhamisi, na nilikuwa nimeaminika kabisa. Sikumbuki hata siku moja ambayo kuaminika huko kulinifanya niwe jasiri zaidi ya siku iliyotangulia. Kulinifanya niwe na cha kupoteza.

Basi hilo ndilo jibu langu, limechelewa siku tatu. Ukiingia na ukurasa msafi, hutakuwa wewe uliyeingia. Ataingia msichana mmoja mzuri, anayejua fomu. Watampenda. Na wewe utabaki nje, ukingojea aaminike.

Najua pia unachohofia, na si kitu kidogo. Umetuma maombi mpaka karatasi za mtaa huu zimekwisha. Umeona wenzako wenye shahada wakiuza vocha za simu barabarani. Benki za mji zimefunga milango, mishahara ya watu imefungiwa ndani, na wewe umepata kazi kwenye nchi ambako mtu anaingia benki na kutoka. Nikikuambia jambo hilo ni jepesi, nitakuwa nimelipiga kopo jingine tako.

Lakini kumbuka nani alisema tupime. Si mimi. Mimi nilikuwa nimelizika jambo hilo. Ni wewe, miezi mitatu iliyopita, uliyerudi na kopo la maharagwe, ukaliinua mkononi, ukasema: "Maman, hii kopo iko na uongo." Nilikaa kizingitini ghafla, na wewe ukadhani ni kifua changu. Mkono ule si wa chuo. Humkumbuki koko yako, lakini ulikuwa umeinua kopo kama yeye.

Ukaenda kuazima mizani kwenye kituo cha afya cha parokia, ile ya kuning'iniza watoto wachanga, na tukaenda nayo kila Jumamosi. Wiki zile zilikuwa za furaha kwangu kuliko ninavyoweza kueleza. Wanawake wa soko la Mumosho, kule kando ya Ruzizi, walitucheka mpaka wakapiga magoti. Yule mama wa nyanya alituuliza mtoto wa maharagwe amezaliwa lini na kama amepata chanjo. Mwingine alikusimamisha akasema mizani yenu iko na njaa kuliko sisi, haishibake hata mukitia kopo mbili. Kisha tulipomwonyesha mshale umesimama wapi, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa anajua, ila hakujua kama ni nyingi hivyo. Karibu robo ya kopo haikuwepo. Uliandika. Safu ya bei upande mmoja, safu ya uzito upande wa pili, kwa ule mwandiko wako unaoegemea kulia. Bei haikusogea hata mwezi mmoja. Uzito ulishuka miezi yote mitatu.

Sasa wanataka safu ya kwanza tu. Nitakuambia kitakachotokea, kwa kuwa nimeshakiona. Watachora mistari. Mstari wetu utakuwa umenyooka na mtulivu, utaisogelea mistari ya wengine, na mtu fulani atasimama mbele yake kama baba wa arusi. Jumuiya inataka mfumuko wa bei usipite hapa, deni lisipite pale, upungufu wa bajeti usizidi kiasi fulani, ili siku moja tuwe na sarafu moja. Sina ugomvi na vipimo hivyo. Nyumba ya watu wengi lazima iwe na masharti. Nina ugomvi na kupitishwa kwenye mtihani ambao sikuufanya. Tukishaonekana tumekaribia, nani atakuja kutusaidia kukaribia?

Watakaokusikia ukisema hivyo watadhani unaipinga Jumuiya. Usiwaachie neno hilo. Mimi naitaka kuliko wanaoihutubia. Wanawake wa Mumosho walivuka mto ule na mizigo vichwani, wakaolewa ng'ambo, wakaleta watoto wenye lugha mbili, kabla mkuu yeyote hajasaini chochote. Waliendelea kuvuka hata katika miaka ambayo waliosaini walikuwa wanarushiana risasi juu ya vichwa vyao. Huo umoja ni wetu. Sitakubali tuingizwe humo kama ndugu maskini anayevalishwa koti la kuazima siku ya picha, na picha ikishapigwa anavuliwa. Tuingie na miguu yetu yenye matope, tuseme: tuko mbali, tuko mbali kiasi hiki, tumepima wenyewe. Aliye mbali akisema yuko mbali si kwamba amekata tamaa. Anadai njia. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka nifukiwe, ni kuambiwa nimefika wakati bado ninatembea. Nimetembea tangu kilima chetu. Najua tofauti.

Sasa ungamo la mwisho. Nimefungua sanduku lako.

Ilikuwa jana, ulipokwenda kununua tiketi. Katika bahasha ya kazi nilikuta ukurasa mmoja, ule msafi wa bei peke yake, umepigwa chapa vizuri. Karatasi za uzito ulikuwa umeziacha kwenye droo, chini ya vyeti vyako vya sekondari. Hukuzichana, na hilo limenipa nguvu ya kufanya nilichofanya. Leo asubuhi baada ya misa ya kwanza nilizipeleka kwa Mama Faida.

Magoti yamemshinda siku hizi, lakini bado anakaa pale pale. Nilimweleza kwamba karatasi hizi zinaonyesha kopo lake, wiki kwa wiki, na zinakwenda mbali. Nikamwambia nataka kuandika jina langu chini yake kama mpimaji na lake kama muuzaji, asije mtu akasema zimetoka hewani. Alikuwa anatoa vijiwe kwenye maharagwe. Aliendelea kuvitoa kwa muda mrefu.

"Batanifunga?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimekwisha kumdanganya mwanamke mmoja kwa kunyamaza.

"Andika," akasema. "Lakini usiandike niko mwizi. Andika vile mi pia nanunuaka gunia ya kupunguzwa. Aliyepiga gunia yangu tako, bamutafute na yeye."

Niliandika hivyo hivyo, kwa maneno yake. Alitia jina lake mwenyewe, kwa zile herufi kubwa za masomo ya watu wazima ya parokia, ukurasa baada ya ukurasa, akipumzika katikati. Alipomaliza alinipimia kopo moja la kupeleka nyumbani. Akaweka mlima, akaongeza konzi, halafu akaongeza konzi nyingine.

Karatasi zote ziko katika bahasha yako sasa. Ukurasa msafi sijauchana, ingawa mkono ulinituma. Siwezi kukuibia uamuzi wako halafu nikakuandikia kurasa zote hizi juu ya ukweli. Viko viwili humo. Utatoa kimoja mezani. Chini ya kila karatasi ya uzito kuna jina langu na la Mama Faida, na kuna mstari wa tatu ambao nimekuachia wewe mtupu.

Watakapokuuliza nani aliyepima, waambie ni mama yako. Waambie anaitwa Nabintu Espérance, anakaa Cimpunda juu ya zile ngazi za mawe, wakija watamkuta, hana tena mahali pa kukimbilia na hatafuti. Waambie si mtaalamu. Waambie alikwisha kuandika namba safi zamani, na anajua zinavyotengenezwa.

Wakikurudisha baada ya wiki moja, rudi. Usikae njiani ukitafuta namna ya kunieleza. Panda ngazi na sanduku lako mchana kweupe, mbele ya majirani wote. Nitakufungulia, nitakutandikia, na hakuna mtu katika nyumba hii atakayekuuliza lolote. Na ukikaa huko miaka kumi, ukarudi na cheo na koti zuri, nitakufungulia vilevile, mwanangu, na nitakupikia.

Ila siku hiyo nitakuuliza ulitoa kipi mezani.

Mama yako,
Nabintu